Tuanzie kwenye jerikeni

Kuna makala ambayo mwandishi wake anasifu birika la umeme lenye skrini na vitufe tele, eti viwanda vyetu vya Namanve, karibu na Kampala, viige. Viige nini hapo? Bora wachunguze jerikeni ya chuma waliyobuni Wajerumani mwaka 1937: lita 20, vishikio vitatu. Ikijaa, mtu hushika cha katikati, au wawili wakasaidiana kila mmoja na chake. Zikiwa tupu, mkono mmoja hubeba mbili. Hakuna maelekezo ya kusoma. Mfuniko wake una bawaba, haupotei. Hizi za plastiki tunazochotea maji Kampala zina kishikio kimoja, na mfuniko ukipotea tunaziba kwa ndizi mbichi! Kikamba cha kuushikilia tangu kiwandani kingegharimu shilingi ngapi?