Dagaa wa sukari walivyonifanya nikope elfu themanini

Mi naishi Msasani, ile ya uswahilini sio ile ya peninsula, na karibu na kituo chetu cha bajaji kuna mgahawa wa Wakorea nimeupita miaka miwili bila kuingia, nanusa tu nyama inavyochomwa halafu naenda zangu kula chipsi. Sasa akaja shemeji yangu kutoka Moro, kaka mkubwa wa mke wangu, kaja na treni ya umeme na toka ashuke anaisifia hiyo treni tu, mi nikajifanya mjuaji, "shemeji ile treni wametengeneza Wakorea, hata Daraja la Tanzanite wamejenga wao, twende leo ukaonje na chakula chao." Mdomo huu jamani. Ilikuwa tarehe 19 na mfukoni nina laki moja basi.

Tukakaa, meza ina jiko la gesi katikati, menyu nikaisoma upande wa bei tu, nikaagiza bulgogi, nyama ya ng'ombe ya kuchoma, ya watu wawili, elfu sabini, na soda mbili. Hesabu imekaa. Nikaegemeza kiwiko mezani kama vile jengo langu.

Mara mama wa Kikorea mwenye mgahawa akaja na sinia, akaanza kupanga visahani. Kimoja, viwili, vitatu... vikafika saba. Shemeji akaniangalia, "umeagiza vyote hivi?" Sasa mbele ya kaka wa mke utasemaje? "Kula tu shemeji."

Moyoni nimeshaweka kila kisahani elfu tano. 35,000.

Kulikuwa na spinachi imenyunyiziwa ufuta, viazi vina utamu kama vimepikwa na soda, figili, chapati mayai imekunjwa vizuri, na vile vitu vyeupe vya soya vimechipua vina vichwa kama viluwiluwi. Na kimchi. Shemeji akaonja akatafuna polepole, akaniinamia sikioni, "shemeji, kabichi imechacha hii." Nikamwambia ndo inavyotakiwa, wanaivundika na pilipili na kitunguu swaumu inakaa hata miezi. Akafikiria kidogo, "kwani umeme unawakatikia sana?"

Ila kilichotumaliza ni dagaa. Dagaa kabisa, wadogo, na macho yao, wamekaangwa wakapakwa sukari mpaka wanang'aa. Shemeji kamnyanyua mmoja kwa vile vijiti vya chuma (vinateleza hivyo, ilimchukua kama dakika mbili) akamwangalia kama anamjua, akasema "huyu Mwanza angelia", akamtia mdomoni, kimya, halafu akakivuta kisahani kizima upande wake.

Sisi tumelelewa chakula hakibakizwi, tena hiki nalipia, basi tukavifagia vyote. Nikaegemea tena nipumue. Mara mama huyoo na sinia, kajaza saba zote! "Tamu eh?" Nikatabasamu kama nimebanwa mlango. 70,000. Tukala, kwa heshima. Nikaegemea. Mama huyo tena. Mzunguko wa tatu, 105,000, jumlisha nyama 175,000, soda sijaziweka, na shemeji anasema "wakarimu sana hawa watu" huku mi jasho linanitoka na sio la pilipili.

Nikaaga naenda chooni. Nikamwandikia mshikaji wangu mmoja, "nitumie 80 chap, dharura, mwisho wa mwezi nakurudishia." Hata hakuuliza, hela ikaingia hapo hapo, nikanawa uso nikarudi mwanaume.

Nakuta nyama ndo imefika, dada mhudumu anaikata na mkasi, mkasi ule ule wa fundi cherehani, inanukia balaa, na sisi wote wawili hatuna hata pa kupitishia maji. Tukaitazama inaungua. Shemeji kala vipande vitatu kwa ajili ya undugu.

Bili ikaja. 76,000. Nikaigeuza nyuma, hakuna kitu. Nikamvuta dada pembeni kwa sauti ya chini, "na vile visahani?" "Vile bure kaka, vinakuja na chakula, vikiisha tunaongeza. Ila na mimi nikuulize, mbona ulikuwa unaita kila saa halafu huagizi kitu?" Naita saa ngapi mimi? Akanionyesha kwenye kona ya meza, pale pale kiwiko changu kilipokuwa kimelala, kuna kidude cheusi kina kitufe. Kengele. Inalia huko jikoni.

Kabla sijajibu simu ikaita, ni yule mshikaji, na sauti ya simu yangu inasikika mpaka barabarani: "Oya, mgonjwa anaendeleaje?"

Shemeji akaniangalia. Akaviangalia visahani. "Umesema bure?"

Akanyoosha kidole akabonyeza kile kitufe mara mbili.