Mbuzi Hawazaani Ndani ya Skana

Nataka ieleweke mapema, maana hapa Tororo, Uganda, habari imeshapindishwa na kufika mpaka Malaba: mbuzi hawazaani ndani ya skana. Kilichotokea kwenye slaidi ya Mzee kina maelezo, na maelezo yenyewe ni milimita moja na nusu.

Mzee ni mstaafu wa reli, mmoja wa wale wa Shirika la Reli la Afrika Mashariki lililokwenda na Jumuiya mwaka 1977. Alikuja studio, ninakoingiza picha za watu kwenye kompyuta kwa skana, akiwa na slaidi moja tu, imefungwa kwenye leso kama dawa. Ni Kodachrome, filamu ya rangi ya kutazamwa kwa kupitishiwa nuru, ya harusi yake, 1970, ndani ya fremu ya karatasi ngumu ya sentimita tano kwa tano. Aliyeipiga ni bosi wake wa karakana. Kulia wamesimama maharusi juani, bwana amevaa suti nyeusi, bibi gauni jeupe, na mwamba wa Tororo unaonekana nyuma yao. Kushoto, hatua kama thelathini kutoka walipo, kuna mwembe wenye kivuli kizito. Chini ya mwembe, vidoa vitatu vyeupe.

"Hao ni mbuzi wa mahari," akasema Mzee. "Wako sita. Wengine wamemezwa na giza. Lifungue, mwanangu, shemeji aone kwa macho yake."

Hapo ndipo nilipoelewa kuwa sikuletewa picha, nimeletewa kesi. Mahari yalikuwa ng'ombe wanane na mbuzi sita. Ng'ombe walifika, hakuna anayebisha. Mbuzi, kwa mujibu wa shemeji, yaani kaka wa mke wa Mzee, walifika watatu, na tangu hapo hakuna matanga wala ubatizo ambapo hajaukumbushia huo upungufu.

Giza la slaidi lina ugumu wake. Densiti ni kipimo cha jinsi filamu inavyozuia nuru: ikiwa 1, nuru inayopenya ni sehemu moja kati ya kumi. Densiti 2 ni moja kati ya mia, densiti 3 moja kati ya elfu. Suti nyeusi na kivuli cha mwembe kwenye Kodachrome vinakaa huko kwenye 3 na kupanda, ukifika 3.6 inapenya takriban moja kati ya 4000. Ukiskani kwa ekspoja ya kawaida, yaani muda wa kawaida wa kupokea nuru, hiyo iliyobaki ni chache kuliko kelele za sensa yenyewe, jicho la skana. Ukivuta giza lipate kuonekana unavuta na chenga zake, vijinukta vyekundu na vya buluu vilivyotapakaa kila mahali.

Negativu, filamu ambayo mwanga na giza vimegeuzwa, haina taabu hiyo kwa kiasi hicho, kwa sababu kivuli kwenye negativu ndiyo sehemu nyembamba ya filamu na nuru inapita bila shida. Picha ya karatasi ndiyo kabisa: weusi wake hauzidi sana densiti 2. Anayekutoza mapito mawili, yaani kuskani mara mbili, kwa picha ya karatasi anakuuzia hewa.

Dawa ziko mbili na watu huzichanganya. Ya kwanza ni kuskani mara nyingi kwa ekspoja ileile na kutafuta wastani. Chenga hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya mapito: mapito manne yanaziacha nusu, kumi na sita yanaziacha robo. Ni njia ya uhakika ila inakula muda, na kwenye giza la kweli haifiki mbali. Ya pili ni kuirefusha ekspoja, sensa ikae ikikusanya nuru kwa muda mara nne, hivyo kivuli kinaingia na nguvu mara nne huku kelele za saketi zikibaki palepale. Kwenye pito hilo refu sehemu angavu zinaungua, lakini hizo unazo tayari kwenye pito fupi. Giza unachukua kwenye refu, mwanga kwenye fupi, unaviunga. Kwa slaidi ya Mzee nilipanga pito fupi moja na marefu manne, ili nipate faida zote mbili.

Kabla ya hapo unazima kila kitu kinachojiamulia: ekspoja ya otomatiki, kurekebisha rangi, kunoa, kusafisha vumbi. Kimoja kikibaki, mapito hayatalingana na hesabu itakataa. Niliweka biti 16 kwa kila rangi, gamma 1.0, yaani namba zifuate nuru ilivyo bila kupindwa, na nukta 3200 kwa inchi. Faili moja la slaidi linakuja karibu megabaiti 80. Gamma ni ya muhimu kuliko watu wanavyodhani. Ikiwa si 1.0, ukiligawa pito refu kwa nne halirudi kulingana na fupi, na pale vinapoungana unapata mstari kama wa pwani kwenye ramani.

Pito fupi likaisha salama. Umeme ukakatika.

Nikaenda nyuma kuwasha jenereta, nayo ikataka petroli, petroli ikataka boda boda, boda boda akataka kwanza amalize rolex yake ya chapati na mayai. Studio akabaki Mzee peke yake na mashine. Alichofanya nimekuja kukijua baadaye kwa mdomo wake mwenyewe: alifunua kifuniko, akaitoa slaidi, akaipeleka dirishani, akahesabu mbuzi, akairudisha. "Nilimpa hewa kidogo," alisema. Tundu la slaidi kwenye kishikio cha plastiki ni kubwa kidogo kuliko fremu. Mimi huisukuma fremu mpaka ikae kwenye pembe moja, kila mara pembe ileile. Mzee aliiweka ilivyomjia.

Umeme uliporudi nikasubiri taa ya skana ipate moto tena, maana yangu ni ya mrija, na mrija wa baridi mwanga wake unapanda dakika hadi dakika. Wenye skana za LED hawana haja ya kungoja. Nikapitisha mapito manne marefu, nikatafuta wastani wake, nikagawa kwa nne, nikaunga na fupi. Kanuni ya kuunga ni hii: pikseli ambayo kwenye pito fupi iko chini ya asilimia 5 ya mwangaza wa juu kabisa inachukuliwa kutoka refu, iliyo juu ya asilimia 15 inabaki ya fupi, za katikati zinachanganywa taratibu. Kuoanisha mapito pikseli kwa pikseli kunafuata baadaye, kwa kuwa kompyuta yangu ni kongwe na kazi hiyo inaipa homa. Huu wa kwanza ulikuwa muungano wa kuonja tu, kuona kama giza linafunguka.

Likafunguka. Chini ya mwembe walisimama mbuzi sita, weupe, wenye afya.

Mzee alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu wa umri wake. Alitoa simu na kumpigia shemeji palepale. "Njoo studio. Njoo na miwani."

Mimi macho yangu yalikuwa kwenye koti la bwana harusi. Begani, upande alikosimama bibi harusi, palikuwa na ukanda wa kijivu uliotelemka hadi magotini, kijivu kitupu kisicho na mkunjo hata mmoja. Ukanda wa namna hiyo hauletwi na uchafu. Ni gauni. Kwenye pito refu gauni lilikuwa limeungua likawa jeupe la mwisho, na nyeupe ya mwisho ukiigawa kwa nne inakuwa kijivu bapa. Kwa kuwa koti ni jeusi, kanuni ilichukua pikseli za pito refu, na kwenye pito refu mahali pale palikuwa na gauni. Kwa hiyo pito refu lote lilikuwa limesogea kushoto. Nikapima: pikseli 189. Kwa nukta 3200 kwa inchi, hiyo ni milimita moja na nusu. Mbuzi aliye hatua thelathini, kwenye slaidi hana hata milimita moja na nusu ya urefu.

Hesabu yao ndiyo hiyo. Mbuzi watatu weupe wa pito fupi walikuwa angavu kiasi cha kupita asilimia 15, wakabaki. Kivuli kilichowazunguka kilikuwa chini ya asilimia 5, kikachukuliwa kutoka pito refu, na humo walikuwamo mbuzi walewale watatu, hatua moja kushoto, hawajaungua, kwa hiyo baada ya kugawa kwa nne wakatoka na weupe uleule kabisa. Kazi safi. Ningelipwa kughushi nisingeweza.

Nikamweleza Mzee. Alinisikiliza kwa heshima hadi mwisho.

"Sawa," akasema. "Chapisha hivyohivyo."

"Mzee, hao watatu ni wale wale."

"Mashine imeona sita. Wewe unajua kuliko mashine?"

Shemeji akateremka kwenye boda boda akiwa na miwani, na shati la Jumapili. Yeye pia ni mtu wa reli, lakini alikuwa mkaguzi wa tiketi, na ukaguzi haumtoki mtu. Hakusema neno. Aliinamia skrini, akaweka kidole kwa mbuzi wa kwanza, akakipeleka kwa wa pili, akarudi wa kwanza.

"Huyu ameinua mguu wa mbele wa kulia," akasema. "Na huyu ameinua mguu wa mbele wa kulia. Huyu ana kamba imekatika sikioni. Na huyu kamba imekatika sikioni." Akavua miwani. "Shemeji, hawa wanasafiri wawili wawili kwa tiketi moja."

Ikabidi nifanye kazi kwa ukamilifu, wazee wawili wakinipumulia shingoni. Skana ya mezani hata bila hewa ya Mzee haitegemeki kwa jambo hili: gari la taa hairudi mahali palepale kila pito, na kwa nukta 3200 pikseli moja ni milimita 0.008, kwa hiyo lori zito likipita barabara ya Malaba nalo linahesabiwa. Unapooanisha, kwanza sawazisha mwangaza wa mapito, la sivyo programu inalinganisha usiku na mchana na kukosa alama za kushikia. Kisha sogeza kwa mkono kwa makadirio. Nilitumia ncha ya mwamba kama alama, kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha. Pikseli 189 ni nyingi mno kuiachia programu itafute yenyewe. Baada ya hapo align_image_stack, kifaa cha kuoanisha cha programu ya Hugin, ikamalizia vipande vya pikseli, programu ya ImageMagick ikatoa wastani wa yale marefu manne, na muungano ukarudiwa.

Ukanda wa koti ukatoweka. Mbuzi wakarudi watatu. Shemeji akakohoa kikohozi cha mshindi.

Tatizo ni kwamba, yakishakaa sawa, mapito manne yanafanya kazi kuliko ulivyoomba. Giza la shina la mwembe, ambalo kwenye muungano wa kwanza lilikuwa uji mtupu, sasa lilikuwa na vitu ndani. Palionekana mkia. Chini ya mkia, nusu ya nyuma ya mbuzi mweusi. Kamba yake ilipita nyuma ya shina na kutokea upande wa pili, mkononi mwa kijana mwembamba aliyevaa kofia ya pama iliyobonyea mbele.

Mzee alimgeukia shemeji. Kofia hiyo, kama ilivyokuja kubainika, bado inaning'inia sebuleni kwa shemeji.

"Mashine imebuni," akasema shemeji.

Nikamfungulia pito moja refu peke yake, kabla ya kuungwa na chochote. Mkia ulikuwapo, katikati ya chenga. Na kofia.

Kesi ikahamia ngazi nyingine. Mzee alidai huyo ni mbuzi wa nne na ushahidi unaendelea nyuma ya shina. Shemeji akadai nusu mbuzi hahesabiki popote duniani. Mzee akasema mkia uko upande huu, kwa hiyo mbuzi anaondoka, na anayemwondoa anajulikana kwa kofia. Shemeji akasema alikuwa anampeleka kumfunga kivulini. "Kivulini yupo tayari!" akajibu Mzee, kisha akaniuliza kama mapito kumi na sita yangeleta kichwa. Nikamwambia skana inafungua giza, haizunguki mti.

Katikati ya hayo akaingia Mama, mke wa Mzee, aliyechoka kungoja watu kwa chakula cha mchana. Alitazama skrini kwa muda, akamtazama mumewe, akamtazama kaka yake.

"Mwanangu, hii picha ya nini?"

"Ya harusi yenu, Mama."

"Harusi iko huku," akaweka kiganja kwenye skrini, juu ya maharusi. Kwa mkono mwingine akafunika mwembe, mbuzi watatu, mkia na kofia. "Huku kate. Kote."

Nikakata. Ilibaki theluthi mbili ya kulia: jua, mwamba, gauni, na suti ambayo sasa ilikuwa na mikunjo yake na kifungo cha tatu kinachoonekana. Akaniuliza bei. Nikamwambia shilingi 20,000: 5,000 za slaidi, 15,000 za mapito ya giza.

"Giza lipi?"

"Hilo la chini ya mwembe, Mama."

Akafungua pochi, akahesabu noti, akaziweka juu ya kifuniko cha skana. Zilikuwa 6,000.

"Elfu tano ya slaidi," akasema. "Elfu moja ya kifungo."