Mwanga, upepo na swali la mara ngapi kwa sekunde

Mwanga wa leza ukipita juu ya ardhi iliyopata joto, doa lake ukutani halitulii. Hupanuka, humeguka mabaka, hung'aa na kufifia. Ukiweka kihisi penye doa hilo, utakutana na swali linalogawanya watu: upime mara ngapi kwa sekunde?

Wapo wanaosema pima upesi kadiri chombo kinavyoweza, maana kilichozidi utakipunguza baadaye, ila kilichopita hakirudi. Wengine huona huo ni mzigo tu. Vipimo 2,000 kwa sekunde, kila kimoja baiti 2, hujaza megabaiti 346 kwa siku. Vikiwa 20,000 ni gigabaiti 3.5, na sehemu kubwa ya nyongeza hiyo ni kelele za chombo, yaani mayumbo ya bahati nasibu yanayotoka kwenye chombo chenyewe.

Hewa yenyewe inatoa kipimo cha kuanzia. Mwaka 1938 mwanafizikia Mwingereza Geoffrey Taylor alipendekeza tuuchukulie msukosuko wa hewa, yaani mchanganyiko wake wa vurugu, kama picha iliyoganda, upepo ukiisukuma ipite mbele yetu. Ni kurahisisha mambo, lakini kunafaa. Msukosuko ukiwa dhaifu, upana wa mabaka hukaribia kipeuo cha pili cha zao la urefu wa wimbi la mwanga na urefu wa njia. Leza nyekundu ya nanomita 633 kwenye njia ya kilomita 1 inatoa sentimita 2.5. Upepo unaoikata njia kwa mita 5 kwa sekunde utayapitisha mabaka hayo kwa takriban hezi 200, yaani mara 200 kwa sekunde. Juu ya hapo nguvu ya kuyumba kwa mwanga hushuka haraka, ila haikatiki ghafla, hivyo vipimo 1,000 hadi 2,000 kwa sekunde kwa kawaida vinatosha. Upepo ukiongezeka maradufu, hesabu nayo huongezeka maradufu.

Nadhani ubishi huu huchanganya mambo mawili: kupima mara chache, na kupima kwa uvivu, yaani kila kipimo kuchukua muda mrefu. Anayetaka tu kujua mwanga unayumba kwa kiasi gani anaweza kupima mara 10 kwa sekunde na asikosee, mradi kila kipimo kichukuliwe kwa milisekunde 1 au chini yake. Kamera inayoacha mwanga uingie kwa milisekunde 30 hupitiwa na mabaka kadhaa kabla haijafunga. Yanajumlishwa, kuyumba kunalainika, na hewa iliyochafuka inasomeka kama tulivu. Kuongeza idadi ya picha hakuponyi kosa hilo.

Anayetaka kujua nguvu imegawanyika vipi kati ya mayumbo ya haraka na ya polepole, yeye hana msamaha huo. Chochote kinachozidi nusu ya kasi ya kupima hurudi kikiwa kimevaa sura ya kitu cha polepole. Taa ya umeme wa hezi 50 humeta mara 100 kwa sekunde. Ukipima mara 98, utaiona kama wimbi la hezi 2, na utaapa ni upepo. Dawa ni kichujio kinachozuia mayumbo ya haraka mno kabla ya kipimo kugeuzwa namba. Lakini kichujio hicho hula sehemu ya kuyumba ambayo yule wa kwanza alikuwa akiitafuta. Ndiyo maana simwamini anayetaja kasi moja ya kufaa wote.

Kasi nayo ina gharama ambayo diski kubwa haiifuti. Kipimo kilichokusanya fotoni (chembe za mwanga) 10,000 kina kelele ya asilimia 1. Ukikigawa mara kumi, kila kipande kinabaki na fotoni 1,000 na kelele ya asilimia 3 hivi. Na vipimo 20,000 vya sekunde 10 si mashahidi 20,000, kwa kuwa vilivyo jirani vinaona baka lilelile. Muda mrefu ungesaidia, ila karibu na machweo, ardhi na hewa zinapolingana joto, msukosuko hupungua mno, na saa moja ya vipimo huchanganya hewa mbili tofauti.

Kama upepo haujulikani, ningepima kwa dakika moja mara 5,000 kwa sekunde, nichore mgawanyo wa nguvu kati ya mayumbo ya polepole na ya haraka, nitazame mteremko wake unazama wapi kwenye kelele bapa za chombo, kisha niweke kasi ya kazi juu kidogo ya mara mbili ya hapo. Upepo ukigeuka, narudia.