Msimu Umeanza, Baba Toa Pochi

Nilidhani michango nimeiacha Tanga. Kule ukiletewa kadi ya harusi yenye maandishi ya dhahabu, unajua mwezi huo nyama mtaisikia harufu kwa jirani. Nikahamia Texas nikijisemea hapa nimepona, Wamarekani hawana kamati za harusi. Nani kasema? Wanayo kamati, ina mwenyekiti, katibu, mweka hazina na fulana zake, na bwana harusi wao ni kijana wa miaka kumi na saba aliyevaa kofia ngumu na soksi ndefu.

Agosti ikiingia, huku kwetu kaskazini ya Dallas, msimu wa mpira wa sekondari unafunguliwa. Sisemi soka. Nasema ule wao wa kuuficha mpira kwapani na kuparamiana. Jimbo hili lina shule zaidi ya elfu moja zinazoucheza, zimepangwa madaraja kwa wingi wa wanafunzi, kuanzia 1A hadi 6A, na shule ndogo za mashambani zisizoweza kupata watu kumi na mmoja zinacheza sita kwa sita. Yaani hata ukikimbilia kule kwenye ng'ombe wengi kuliko binadamu, kamati ya wazazi wa timu itakufuata.

Tangazo la ufunguzi lilisema jamii yote inakaribishwa. Mama watoto akanitazama. Jamii ndiyo mimi.

Mnaijua Simba Day? Mnaijua Wiki ya Mwananchi? Kocha anatambulishwa, wachezaji wanaitwa mmoja mmoja, watu wanapasua koo na msimu haujaanza. Basi ni hiyo hiyo, ila hapa wanaotambulishwa wana mtihani wa Kemia wiki ijayo. Saa kumi na mbili jioni, joto nyuzi 38, tumepangwa kwenye mabenchi ya alumini yaliyoanikwa juani tangu asubuhi. Ukikaa unaruka mwenyewe, watu wanadhani umeshaanza kushangilia.

Akasema mkurugenzi wa shule za wilaya. Akasema mkuu wa shule. Akasema kocha, na kocha alitamka neno "familia" mara nyingi mpaka nikahisi kuna posa inaletwa. Huyu msimdharau. Kocha mkuu wa shule kubwa huku analipwa zaidi ya dola laki moja kwa mwaka, na mwalimu wa hesabu wa mwanangu hafiki huko hata akiongezewa vipindi vya usiku. Kisha wakaanza kuitwa: timu ya wadogo wa mwaka wa kwanza, timu ya akiba, timu kubwa, bendi, mabinti wa kurusha bendera, mabinti wa kurushwa wao wenyewe, mpaka watoto wanaobeba maji na bandeji. Kila mmoja anapigiwa makofi na mji mzima. Mimi nilichezea shule yangu UMISSETA mpaka ngazi ya wilaya, na makofi pekee niliyopata yalikuwa ya mwalimu wa zamu, kwa kuchelewa kurudi bwenini.

Zamu ya mwanangu ilipofika, mtangazaji aliliangalia jina letu la ukoo, akavuta pumzi, akalikata vipande vitatu, na kimoja hakukirudisha. Watu wakapiga makofi hivyo hivyo. Kijana akainua mkono. Mama yake akalia. Mimi nikatafuta kivuli.

Ila kabla hajafika kuinua huo mkono, tumetoka mbali. Kuna fomu. Enzi zetu fomu ya kucheza mpira ilikuwa mama kupiga kelele "utakuja kuvunjika mguu uko peke yako!" na wewe umeshafika kona. Hapa unakwenda kwa daktari kwanza, halafu unarudi kutia saini kwamba umesoma kuhusu mtikisiko wa ubongo, umesoma kuhusu moyo kusimama ghafla, umesoma kuhusu dawa haramu za kujaza misuli. Nilisoma yote, mstari kwa mstari, nikiwa mezani usiku. Nilipomaliza nikamwita kijana nikamuuliza kama hapendi chesi.

Akaniambia, "Baba, saini tu, kocha anazitaka kesho."

Halafu kuna ile kinga ya meno. Inanunuliwa ikiwa ngumu, inabidi ichemshwe ndipo uing'ate ichukue umbo la mdomo wako. Haya, chemsha. Mtoto akachukua sufuria ya chai. Ile ya mama yake, iliyotoka Tanga ndani ya sanduku imefungwa kwenye kanga, iliyochemsha iliki na tangawizi miaka yote hiyo. Akaitia plastiki, akasimama pembeni anahesabu sekunde. Mimi nilikuwa mlangoni nikaona, nikarudi nyuma taratibu nikaenda kukata majani, kwa sababu kuna vita ambavyo mwanaume mwenye akili anavisikilizia nje, mashine ikiwa inaunguruma.

Na mabega ya plastiki! Zile kinga wanazovaa mabegani hazioshwi kila siku. Zinatoka mazoezini zimenyonya jasho la Agosti, zinatupwa siti ya nyuma, madirisha yamefungwa, gari limeegeshwa juani. Siku moja nilimpa lifti mzee wa kanisani, mtu mstaarabu kabisa. Alifungua dirisha taratibu, akaniuliza kwa upole kama bado tunafuga mbuzi.

Nikija kwenye uwanja wenyewe sina ugomvi, namwogopa tu aliyeulipia, yaani sisi wenye nyumba na kodi zake. Huku Texas shule ina uwanja ambao kwetu ungekabidhiwa timu ya ligi kuu. Pale Allen, si mbali na hapa, walifungua wao mwaka 2012: watu 18,000, dola milioni 60. Baada ya miaka miwili zege likaonekana lina nyufa, wakaufunga, wakaukarabati, wakaufungua tena 2015. McKinney, majirani zao, hawakuogopa nyufa. Wakajenga wa kwao, ukafunguliwa 2018, gharama ikavuka ile ya Allen na viti ni vichache zaidi. Hiyo ndiyo nchi niliyoikimbilia kwa kuogopa mashindano ya sare za harusi.

Ukifika getini na noti yako safi ya dola ishirini, hawaitaki. Tiketi ni kwa simu, na kwa kuwa umejisumbua mwenyewe kubonyeza simu yako, unatozwa ada ya huduma. Ya nani? Huduma nimejipa mimi. Mkoba wa mama watoto ukakataliwa, eti lazima uwe wa nailoni ya kuonyesha ndani, basi akahamishia vitu vyake kwenye mfuko wa plastiki pale pale mbele za watu: miwani, leso, dawa za presha, na maandazi sita aliyokuwa ameyaficha ili tusinunue chakula cha ndani. Maandazi hayakuingia. Tukayala getini, tumesimama, mlinzi anatutazama. Nikampa moja. Akalila, na bado tulizuiwa kuingia na yaliyobaki.

Sasa mchezo. Dakika ni 48, robo nne za dakika 12 kila moja. Nikapiga hesabu kwamba saa mbili na nusu usiku niko kitandani. Jamani! Saa inasimama mpira ukitoka nje, inasimama mpira ukirushwa ukaanguka, inasimama refa akitupa kitambaa cha njano cha faulo, inasimama kocha akitaka kuongea na familia yake. Tulitoka pale karibu saa nne. Timu ina nafasi nne za kusogeza mpira yadi 10, na yadi moja haifiki hata mita. Wakibishania kama zimetimia, hawaangalii ile skrini kubwa kuliko nyumba yangu. Wanaingia watu wenye vizibao, wanakokota mnyororo wa yadi kumi, wanaulaza chini, uwanja mzima unashika roho, halafu refa anaonyesha kwa vidole kwamba imepungua urefu wa mkono. Skrini ya mamilioni, na mnyororo.

Na mwanangu je? Hapo ndipo ninapotaka mnihurumie. Mwanangu ni mlinzi wa mstari wa mbele. Kazi yake ni kumsukuma mtu aliye mbele yake ili mwenzie wa nyuma apate nafasi ya kurusha. Mpira haugusi. Hata kurushiwa haruhusiwi, sheria inamkataza. Nimelipa daktari, nimelipa viatu, nimelipa picha ya timu, nimelipa bango la kuchomeka mbele ya nyumba lenye jina lake na namba yake, nimevumilia gari la mbuzi, na mtoto haruhusiwi kushika mpira.

Nikamuuliza, "Sasa wewe utaushika lini?"

"Ukimdondoka mtu, Baba."

Kwa hiyo mimi huwa nakaa jukwaani nikiomba watu wadondoshe.

Namba yake, hata hivyo, imeshatajwa. Robo ya pili kitambaa cha njano kikaruka, refa akawasha kipaza sauti, akaueleza mji wote kwamba kuna mtu ameshikilia mwenzie isivyo halali, yadi 10 kurudi nyuma, akataja namba. Namba ile ile iliyochomekwa kwenye majani mbele ya nyumba yangu, herufi kubwa, inasomeka hadi barabara kuu. Jumamosi asubuhi jirani yangu, mtu ambaye tangu tuhamie hatujawahi kuvuka "hujambo" na hali ya hewa, alisimamisha mbwa wake akaja kuniambia kwamba kijana aweke mikono ndani, kifuani kwa adui, asiitanue. Akanionyesha. Akanishika fulana. Tukasimama pale kwenye majani, watu wazima wawili, tunasukumana, mbwa anatazama.

Mjomba wangu wa Tanga nilimkatalia asiamke kufuatilia, maana mechi ikianza hapa saa moja jioni Ijumaa, kule ni saa tisa usiku kuamkia Jumamosi. Akaamka. Huyu ni mzee ambaye bado anaishi mwaka 1988, Coastal Union walipochukua ubingwa, na mengine yote yaliyofuata anayachukulia ni uzushi. Akanipigia: "Mgosi, kijana kafunga mangapi?" Nikamwambia hafungi, anasukuma. Kimya. "Anasukuma nini?" Watu, mjomba. Kimya kingine, nikadhani salio limekwisha. "Na shule mnalipa?" Nikamwambia shule ya serikali ni bure. Akashusha pumzi, akasema afadhali.

Kitu kimoja tu sitakinung'unikia, na nakisema kwa sauti ndogo. Texas wana sheria tangu katikati ya miaka ya 1980: mwanafunzi akipata chini ya alama 70 kwenye somo, hakanyagi uwanjani mpaka alama zipande. Miaka mingapi nimemhubiria huyu mtoto kuhusu vitabu? Nimemsimulia kutembea pekupeku, nimemsimulia kibatari, mengine nimeyatia chumvi. Ananitazama tu. Kocha kamtumia ujumbe wa maneno matatu, na sasa namkuta saa tano usiku ameinamia meza, anasawazisha milinganyo ya kemikali. Nimeudhika. Mkate nanunua mimi.

Tena nanunua kwa wengi, maana Alhamisi usiku wazazi hupokezana kuwalisha vijana. Zamu yetu mama watoto akapika pilau ya kuku kwenye lile sufuria la msiba, akasema itabaki tule hadi Jumapili. Wakaingia wale wenzie wa mstari wa mbele, watoto wa kilo 120, wanainama mlangoni, "yes sir, yes ma'am," heshima tele. Dakika ishirini baadaye nilisikia kijiko kikigonga chini ya sufuria. Mmoja alikuja kuniuliza kwa adabu kama ule wali wa kahawia una mwingine. Nikamwambia, "Mwanangu, hata ukoko umeondoka nao."

Na bado binti. Binti hachezi, nilidhani huyo ni faida. Kumbe Septemba au Oktoba kuna wiki ya kuwakaribisha nyumbani waliomaliza shule zamani, na mabinti wa Texas wiki hiyo huvaa ua. Zamani lilikuwa ua la kweli na utepe wake, basi. Siku hizi ni la hariri, ukubwa wa sinia, na chini yake zinaning'inia tepe za rangi za shule mpaka magotini, kengele, dubu mdogo, majina yaliyogandishwa kwa gundi, na taa. Taa! Mtoto anakwenda darasani analia kengele na kuwaka. Dukani nilitajiwa bei nikamwomba mama muuzaji arudie, akarudia ile ile. Mama watoto akasema tutatengeneza wenyewe, nafuu. Sasa meza ya kulia imejaa tepe na bunduki ya gundi, tunakula tumesimama, na nafuu yenyewe imeshapita bei ya dukani. Na mvulana anayemsindikiza naye huvaa dogo lake mkononi. Hapo niliuliza: mvulana gani? Nikaambiwa nikamalizie majani.

Jana simu ikalia, kundi la kamati. Wanatafuta watu wa kujitolea kwenye kibanda cha chakula: wa kumwaga maharage na nyama juu ya chipsi za mahindi, wa soda, wa kachumbari ya matango. Nikaipindua simu kifudifudi. Nilipoigeuza jina langu lilikuwa limeshaandikwa, limefuatiwa na mioyo mitatu ya shukrani kutoka kwa mwenyekiti, na aliyeliandika alikuwa ameketi mbele yangu anakunywa chai ya sufuria mpya.

Basi mechi inayofuata nyumbani ni Ijumaa hii. Mimi niko dirisha la pili, upande wa jibini ya moto. Karibuni sana, jamii yote. Ila mje na kadi, noti hatupokei.