Dijei Kuku ni Mimi, Ila Sikilizeni Kwanza

Haya jamani. Kwa kuwa swahiba wangu ameshaitupa ile klipu ya mimi nikiwa dijei kwenye sherehe ya wazazi wake kwenye magrupu matatu, likiwemo la kikoba cha mama yangu mzazi, na leo asubuhi konda kaniuliza mbele ya abiria, "Mkuu, kuku hawajambo?", naona bora niseme mwenyewe. Klipu ina sekunde 47. Inaanza pale nilipokwisha kuharibika. Yaliyotangulia hamkuyaona, na ndiyo yanayonitetea, japo si sana.

Mnanijua mimi ni mtu wa zilipendwa. Mimi ndiye niliyekuwa nawatoa jasho hapa mkichanganya Msondo na Sikinde. Nani aliwafundisha kwamba NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikaja kuwa JUWATA, kisha OTTU, na huo ndio Msondo? Na kwamba Mlimani Park ni ya mwaka 1978, ikalelewa na DDC, na hiyo ndiyo Sikinde? Nilikuwa nikisikia gitaa la solo sekunde tano tu nakutajia bendi kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Watu walinialika kwenye shughuli zao kwa sababu hiyo.

Sasa siri, na msinicheke kwa pamoja. Ni mwaka wa pili huu muziki wa dansi haunipi kitu. Ladha imeisha kama bazoka ulilotafuna tangu asubuhi: unatafuna kwa sababu liko mdomoni.

Najua hata siku ilipoanza kuisha. Niliamua kuhamisha kanda zangu zote 112 kwenye kompyuta. Nusu ni C-60, nusu C-90. Kanda haina njia ya mkato. C-60 inakula saa nzima na C-90 saa moja na nusu, kwa sababu utepe unatembea sentimita 4.76 kwa sekunde, uwe na haraka usiwe nayo. Piga hesabu, ni saa 140. Na hukai tu ukisikiliza. Kila kanda unasafisha hedi ya deki, kile kichuma kinachosoma utepe, kwa pamba ya kijiti na spiriti, unasubiri ikauke, unaweka kanda, halafu unachukua bisibisi ndogo na kugusa ile skrubu ya pembeni ya hedi, robo mzunguko, chini ya robo, mpaka sahani za drams zisikike kali badala ya kusikika kama mtu anapangusa sakafu. Ukikosea pembe ya hedi, sauti nyembamba zote zinakufa, na kanda nzima umeipoteza.

Sasa fanya hivyo kanda ya kwanza hadi ya arobaini. Sikio linabadilika. Halisikilizi tena anayelalamika kuachwa. Linasikiliza ule mvumo wa shhh, linasikiliza umeme unaonguruma chini kwa chini, linasikiliza kama kasi inayumba. Waimbaji watatu wanapokezana kiitikio kwa uchungu wao wote, mimi nawaza, "Hapa utepe umekunjika." Nilipomaliza ya 112 nilikuwa na faili safi kabisa na sikuwa na hamu ya kufungua hata moja.

Siku hizi nasikiliza kuku. Nina kuku wa kienyeji 30 nyuma ya nyumba, na binamu yangu wa Kibaha, mfugaji aliyebobea, hunitumia masomo ya sauti, mengine dakika ishirini. Nayasikiliza nikioga. Nayarudia! Kile kitu nilichokuwa napata gitaa la pili likiingia, sasa nakipata binamu akisema, "Tuje kwenye chanjo." Nyie mnaocheka huko, subirini mfikie umri wangu.

Basi. Baba yake swahiba alikuwa anatimiza miaka 40 ya ndoa, ukumbini Tabata, Jumamosi iliyopita. Nikapewa muziki. Ningekataa vipi? Kusema "Mzee, sipendi tena" ni kama imamu kusema hapendi tena futari.

Wiki moja kabla, Mzee akaniita kwake.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa." Akatoa kanda kwenye bahasha ya kaki. Alikuwa ameirekodi mwenyewe redioni, mwaka 1986, enzi za Radio Tanzania, kwa kusogeza redio karibu na dirisha. Vile vibanzi viwili vya juu alivivunja siku hiyohiyo ili mtu asije akarekodi juu yake. Upande A ni Sikinde mtupu. "Hii ndiyo tutafungulia muziki mimi na mama yenu. Na usiniletee ya simu. Ya simu haina joto."

Kwa hiyo deki. Deki yangu, ambayo tangu kanda ya 112 ilikuwa juu ya kabati imefunikwa kanga.

Hapa nisikilizeni wenye deki nyumbani. Ndani mna belti nyembamba za mpira. Kwa joto la Dar, deki ikikaa bila kuzunguka, belti hulegea, nyingine huyeyuka zikawa kama lami. Na kuna kipimo cha nusu dakika: bonyeza pleyi bila kanda, weka kidole taratibu kwenye kile kijiti kinachopokea utepe. Kikikusukuma kidole, ni kizima. Kikisimama bila ubishi, belti imekwisha. Ikiisha, hatari yake ni hii: utepe hauvutwi na kile kijiti, unasukumwa na mhimili mwembamba wa chuma ukibanwa na kigurudumu cha mpira. Mhimili haujui kama kuna anayepokea upande wa pili. Unasukuma tu. Utepe usipopokelewa unamwagika ndani ya mashine na kujiviringisha kwenye kigurudumu. Ndiyo tunaita deki imekula kanda.

Nakijua hicho kipimo kuliko namba yangu ya NIDA. Nilikifanya? Sikukifanya. Nilibonyeza pleyi, nikasikia sauti inatoka, nikasema imepona, kwa sababu somo la binamu lilikuwa limefika kwenye kideri, ule ugonjwa unaoua kuku.

Siku ya siku nikapanga meza nyuma ya spika. Kosa la pili hilo, maana spika zinaangalia wageni, ukikaa nyuma unasikia besi peke yake. Deki nikaichomeka chaneli ya tatu ya mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti. Simu, ya nyimbo za vijana baadaye, chaneli ya tano. Na mikisa ina kitufe kimeandikwa PFL: ukikibonyeza kwenye chaneli fulani, unaisikia wewe pekee kwenye hedifoni, hata kama kidude chake cha kusukuma kiko chini kabisa na ukumbini haisikiki. Kimewekwa ili fundi aandae wimbo unaofuata. Mimi nilikitumia kuandaa kuku.

Saa tatu usiku. Emsii anatangaza. Mzee na Bi Mkubwa wanaingia katikati, mavazi ya kitenge sare. Naachia kanda. Gitaa linaingia, ukumbi unapiga vigelegele, wazee wa meza ya mbele wanasimama. Nikaona kazi imekwisha. Nikavaa hedifoni, zile kubwa zinazofunika sikio lote, nikabonyeza PFL ya tano, na binamu akaanza.

Dakika nne zikapita vizuri. Mzee alikuwa amefumba macho, kichwa kakilaza begani kwa mkewe, mikono kaiachia chini, wanazunguka polepole palepale walipo, kama walivyokuwa wakizunguka DDC Kariakoo. Nilimtazama. Nilijisikia vibaya kidogo. Halafu binamu akataja dalili, nikarudi kwake.

Inavyosimuliwa na waliokuwepo, hapo ndipo sauti ilipoanza kuyumba. Mwimbaji akashuka, akashuka tena, akawa kama mtu anayeongea na tonge la moto mdomoni. Kisha kama yuko ndani ya tanki la maji. Kisha kimya. Mimi sina habari.

Ninachokiona ni hiki. Watu wamenigeukia. Wamenyanyua mikono. Midomo iko wazi. Nikajua ni shangwe. Nikawanyanyulia dole gumba.

Wakazidisha. Swahiba, kule mbali, ameweka vidole viwili masikioni na kuvitoa, kuviweka na kuvitoa. Leo naelewa alikuwa anasema "vua hedifoni." Wakati ule nilielewa "hatusikii, ongeza."

Nikaangalia mikisa. Taa ya chaneli ya tatu imezimika. Taa ya chaneli ya tano inawaka kijani, inacheza vizuri kabisa. Mkono unafuata taa, wakuu, ndiyo tabia ya mkono. Nikashika kidude cha tano nikakipandisha hadi juu. Kisha, kwa mapenzi mema, nikapandisha na ile ya jumla.

Masikioni mwangu hakuna kilichobadilika. Hapo ndipo pananiuma! Nilikuwa nasikia kuku kabla, nikawa nasikia kuku baada. Sasa tofauti ningeijuaje?

Ukumbi ukasikia hivi, kwa spika nne:

"...utamwona anazunguka palepale alipo. Shingo imepinda upande. Mabawa kayaachia chini."

Mzee, nawaambia, alikuwa hajafumbua macho bado. Alikuwa anamalizia mzunguko wake kimyakimya, shingo upande, mikono chini. Watu mia na hamsini wakamtazama yeye, wakaitazama spika, wakamtazama tena yeye.

"Akiwa mkubwa kiumri usijidanganye. Kinyesi chake utakikuta cha kijani."

Bi Mkubwa akamwachia mumewe.

Wazee wa meza ya mbele hawakushtuka, na nawashukuru. Walidhani ni kipindi cha wakulima, kwamba Mzee alichelewa kuzima mwaka 1986. Mmoja, nimeambiwa, alisema, "Enzi hizo redio ilikuwa redio."

"Huyo hana dawa. Ugonjwa huu hauna tiba. Kama bado anaweza kula, mtenge na wenzake."

Ni hapo nilipoona mtoto wa miaka kama sita amelala chini anagaagaa kwa kicheko, nikasema hapana, zilipendwa hazichekeshi watoto kiasi hiki. Nikasogeza hedifoni upande mmoja.

Sauti ya binamu yangu ikanipiga kutoka mbele, kutoka pembeni, ikagonga ukuta wa nyuma ikarudi. Nilitaka kushusha. Nikashusha ya tatu. Nikashusha maikrofoni ya Emsii, ambaye wakati huo alikuwa anajaribu kuniokoa, kwa hiyo ukumbi ulimwona tu anachezesha mdomo. Nikachomoa waya, nao ulikuwa wa taa za jukwaani. Binamu akaendelea gizani: "Sasa tuje kwenye chanjo."

Kisha nikaipata simu. Sekunde 22 jumla, swahiba kazihesabu.

Emsii aliporudishiwa sauti akasema, "Mabibi na mabwana, huo ulikuwa ujumbe wa wadhamini wetu." Nitamlipia soda maisha yake yote.

Yaliyobaki ni ya haraka. Nyimbo za simu zilimalizia shughuli, watu wakala, wakacheza, mimi nikala nimesimama nyuma ya spika. Kanda niliitoa nyumbani usiku ule: usivute, zungusha kile kigurudumu kinyume kwa kidole, utepe utajifungua wenyewe, kisha urudishe ndani kwa peni ya Bic. Mita moja na nusu hivi imekunjika, yaani sekunde thelathini na kidogo za muziki. Haijakatika. Patasikika pamefifia, maana utepe uliokunjika haulali sawasawa kwenye hedi, lakini wimbo upo. Na ingekatika, msije mkaunga kwa selotepu ya kawaida, gundi yake hutoka pembeni na kunasa hedi. Kuna ya kuungia tepu, na inabandikwa mgongoni, upande usiogusa hedi. Belti mpya nimeipata Kariakoo, shilingi elfu tano, pamoja na ushauri ambao sikuomba.

Jumapili nikaenda kuomba radhi. Bi Mkubwa alinipokea vizuri kupita kiasi. Akaninong'oneza mlangoni kwamba yeye ni mtu wa Msondo, ameivumilia kanda ile miaka 40. Mzee alikuwa sebuleni kwake, kimya, gazeti mkononi.

"Shikamoo Mzee. Nimekuja kwa ajili ya jana."

"Marahaba." Akageuza ukurasa. "Yule bwana wa kwenye spika, unamfahamu?"

"Ni binamu yangu, Mzee."

"Mimi nina kuku Chanika. Wiki mbili hizi wamekufa tisa. Shingo upande, vilevile alivyosema." Akashusha gazeti. "Ulimzima alipofika kwenye chanjo."

Kwa hiyo Jumamosi hii naenda Chanika. Chanjo ya kideri ni tone moja jichoni kwa kila kuku mzima, halafu unarudia kila baada ya miezi mitatu. Wanaoumwa tayari haitawasaidia kitu. Mzee amesema nije na deki pia, tumalizie upande A huku tunawashika kuku, na nimebonyeza kidole kwenye kile kijiti mara tatu leo. Kinasukuma. Chupa moja ya chanjo ina dozi nyingi kuliko kuku wake, na ikishafunguliwa haikai, hivyo mwenye kuku njia ya Chanika aniambie kabla ya Ijumaa. Swahiba usije.