Tuichore Buru, lakini tuanze na vipimo vyake

Ukitaja Buru hapa Nairobi, watu hufikiria mtaa wa Buruburu. Wachache sana wanajua kuna sayari ya jina hilo, na kwamba jina lenyewe tulilitoa sisi Wakenya. Mwaka 2019, Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulipotimiza miaka 100, nchi nyingi zilipewa kila moja nyota na sayari yake zizipe majina. Sisi tulipata nyota iliyoorodheshwa kama HD 83443, pamoja na sayari yake. Nyota ikaitwa Kalausi, yaani kisulisuli kwa Dholuo, na sayari ikaitwa Buru, vumbi.

Inaniuma kwamba tuliipa jina kisha tukaisahau. Matatu za Rongai huchorwa wanasoka na wanamuziki wa kila aina, lakini Buru sijaiona hata kwenye ukuta wa shule.

Na si kwamba haina la kuchora. Ni jitu la gesi, lenye uzito wa zaidi ya Dunia 120. Huizunguka Kalausi kwa siku tatu hivi: mwaka ukianza Ijumaa jioni, Jumatatu jioni umekwisha. Iko kilomita milioni 6 tu kutoka kwa nyota yake, ilhali sisi tuko milioni 150 kutoka kwa Jua. Ukiwa huko ungeiona nyota hiyo ikionekana pana mara 25 hivi kuliko tunavyoliona Jua letu kutoka hapa. Joto lake linatosha kuyeyusha sufuria ya alumini.

Hakuna aliyewahi kuiona kwa macho. Mwaka 2000 wanaastronomia wa Geneva, wakitumia darubini ya Euler iliyoko La Silla nchini Chile, walitangaza kwamba Kalausi inayumbayumba kwa kasi ya zaidi ya mita 50 kwa sekunde, kama inayovutwa na kitu kilichojificha. Mvuto huo ndio uliotupa uzito na urefu wa mwaka wake. Rangi na mawingu ni juu yetu kubuni.

Kubuni, lakini, si kuropoka. Mpwa wangu wa Gredi ya 6 aliichora na minazi na bahari. Nikamweleza kwamba haina ardhi ya kukanyaga, na kwamba sayari iliyoikaribia nyota hivyo yaelekea huigeuzia upande uleule daima, jinsi Mwezi unavyotufanyia sisi.

"Mjomba, basi upande wa usiku ni baridi?"

Nikamwambia katika sayari za aina hiyo pepo kali husafirisha joto hadi gizani. Akachukua karatasi nyingine: nusu ya rangi ya chungwa, nusu nyeusi, na michirizi ikikimbia kutoka mchana kwenda usiku. Pembeni akaandika kwa penseli, "upepo nimebuni mimi". Ule wa kwanza ungeweza kuwa mchoro wa popote. Huu wa pili ni Buru.

Ndiyo maana nawaomba walimu wa sayansi na wa sanaa waishike sayari hii pamoja, kipindi kimoja cha vipimo, kingine cha rangi. Karatasi na kalamu za rangi zinatosha, na kila mtoto aandike kipi kilipimwa na kipi amebuni.