Kuosha gari bila kusuuza: Malindi wanaihitaji kuliko Toronto

Huku Toronto, Desemba hadi Machi, gari jeusi hugeuka jeupe, na si kwa theluji peke yake. Malori humwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, magurudumu yanairusha, na ikikauka unabaki utando mweupe kuanzia chini ya milango hadi kwenye vioo. Ukiuacha unakula bati. Wengi hudhani gari linalolala kwenye maegesho yenye joto chini ya ghorofa limesalimika, kumbe hilo ndilo linaloliwa na kutu upesi. Kwenye baridi kali kutu hutembea polepole. Chumvi ikipata unyevunyevu na joto inaamka.

Na kuliosha ni mtihani. Nje ni nyuzi kumi chini ya sifuri, maji yanaganda juu ya bati ukiyatazama. Yakijipenyeza kwenye mipira ya milango, asubuhi mlango haufunguki, na ukivuta kwa hasira unaweza kuondoka na mpira wenyewe. Jengo letu nalo haliruhusu bomba la maji kule chini. Hapo ndipo watu wanapotumia dawa ya kuoshea bila kusuuza.

Dawa ya aina ninayotumia huchanganywa mililita 30 hivi kwenye ndoo yenye lita saba na nusu za maji ya uvuguvugu. Kwanza unaipulizia sehemu moja, tuseme mlango, na kuiacha kidogo ilainishe uchafu. Halafu unachukua taulo laini la maikrofaiba lililolowa, ulikunje nusu, kisha nusu tena, upate pande nane, upanguse kwa mstari mmoja bila kukandamiza na bila kuzungusha mkono. Upande ukichafuka, geuza. Taulo likiisha pande halirudi ndooni, shika jingine. Kisha unakausha kwa taulo kavu na kuhamia sehemu nyingine, ukianzia paa na kumalizia kule chini kwenye uchafu mwingi. Hakuna povu. Dawa inazishika chembe za uchafu na kuzifanya ziteleze zisichore rangi, na kinachobaki juu ya bati hakidhuru.

Mjomba wangu wa Shela, Malindi, nilipomweleza kwenye simu, alicheka sana. "Hilo hujaliosha mwanangu, umelipangusa." Namheshimu mjomba, lakini kwa hili sikubaliani naye. Nadhani dawa hii, wanayoikimbilia watu wa baridi kwa kukosa njia, mahali pake hasa ni kwetu.

Tazama maji yenyewe. Maji matamu ya Malindi yanatoka Baricho, kwenye visima vya kando ya Mto Sabaki, na hayohayo yanagawiwa Kilifi na Mombasa. Mifereji ikikauka mtaani, mama ananunua mtungi kwa mwenye mkokoteni, na huku mtu kafungulia bomba anaosha Probox. Bomba la kawaida likifunguliwa vizuri linaweza kumaliza mtungi wa lita 20 kwa dakika moja au mbili. Mtungi huohuo, kwa njia ya ndoo, unaosha magari mawili na yanabaki ya kupulizia.

Wengine watasema wao wanatumia maji ya kisima. Sawa, lakini visima vingi vya mjini vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe karibu na bahari, na maji yake yana chumvi na chokaa. Yakikauka kwenye jua la saa saba yanaacha madoa meupe yasiyotoka kwa kitambaa. Na kusi likivuma, bahari inarusha chumvi yake hadi kwenye magari yaliyoegeshwa barabara ya pwani. Yaani tunaosha chumvi kwa chumvi! Gari la Malindi na gari la Toronto yanaumwa ugonjwa mmoja, ila la Toronto linapewa likizo majira ya joto.

Sisemi inafaa kila gari. Lililotoka Marafa baada ya mvua, na udongo mwekundu umeganda hadi kwenye vishikio, lipigwe bomba kwanza. Ukilipangusa hivyo utalichora kama ubao wa chuo. Mchanga wa ufukweni vilevile. Na uvungu haufikiwi na taulo: huku Kanada nami hupeleka gari penye mashine ya kurusha maji kwa nguvu, siku baridi ikipungua, kuondoa chumvi ya chini. Jua la kwetu pia lina vita vyake, maana dawa itakauka kabla hujageuza taulo. Kazi ifanyike asubuhi, au kivulini chini ya mkungu, kipande kwa kipande.

Vijana wanaoosha magari wasidhani nawanyang'anya kazi. Mkono ni uleule, na kinachoongezeka ni taulo za kufua kila jioni. Mimi ningeanzia kwa madereva wa teksi wa uwanja wa ndege: magari yao mara nyingi yako kwenye lami, vumbi lao ni jepesi, na mgeni akitua wanataka gari liwe linang'aa hata siku ambayo mfereji umekauka.